Siku ya Kufunua Sufuria

Kila nyumba iliruhusiwa kufunua sufuria inayochemka mara moja tu kwa mwaka. Siku nyingine zote mfuniko ulijifunga wenyewe mpaka chakula kipoe, maji yasipotee bure, na mtaa mzima hakuna aliyejua nani kapika nini.

Nyamizi aliichagua siku ya kuzaliwa ya binti yake, Kabula. Majirani wakajazana mlangoni pa jiko wakiwa na nguo zao za sikukuu.

"Taratibu, mwenzangu," alinong'ona Mama Mihayo. "Usiuachie mvuke wote kwa mkupuo."

Nyamizi akafunua. Mvuke ukapanda, mweupe, mnene, umebeba harufu ya wali na iliki, ukamlowesha kope. Mama Mihayo, mtu mzima na wajukuu wake, akaangua kilio, na hakuna aliyemcheka.

Kabula alikuwa ameduwaa, macho yameganda darini.

"Mama, maji yanaenda wapi?"

"Juu, mwanangu. Angani."

"Yatarudi lini?"

Nyamizi akachungulia dirishani. Anga lilikuwa jeupe, tupu, kama jana. Akaurudisha mfuniko upesi, akaukandamiza kwa mikono miwili.

"Zamani," akasema, "yalikuwa yanarudi."