Sikio la Mwalimu

Ilikuwa siri yao wawili tu. Bahija akikosea sauti darasani, Mwalimu Shekalaghe hujigusa sikio, naye hujirekebisha bila mwenzake yeyote kujua. Kwa ishara hiyo binti wa watu alithubutu hata kuanzisha nyimbo.

Siku moja akaja mkaguzi. "Mwalimu, wenye sauti mbovu unawarekebishaje?"

"Huyu hapa," mwalimu akajibu kwa bashasha, akimsonta Bahija kidole. "Akiharibu, nafanya hivi." Akajigusa sikio.

Darasa zima likaangua kicheko. Kila mtu akashika sikio lake.

"Haya, Bahija mama, tuanzishie wimbo."

Mikono ya mwalimu ikapanda hewani, ikangoja. Bahija akamkazia macho, kisha, taratibu, akaziba masikio yake yote mawili.