Nyongeza ya Nundu

Tangu bucha zote zianze kutii mizani moja inayozungumza, bei ya nyama hupanda asubuhi nchi nzima kwa pumzi moja, na kuhama bucha hakusaidii kitu. Mwanaidi hakunung'unika sana, maana Masoudi, muuza nyama wake hapa Morogoro, bado alikuwa na utu wa zamani.

"Shemeji, bei ni ya mizani, siyo yangu," alimwambia leo akikata nusu kilo. Kisha akainama, akamtupia kipande cha nundu, akanong'ona: "Hiki changu mimi. Usimwambie mtu."

Mwanaidi akarudi nyumbani akitabasamu. Mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Singida, na bila nundu ile angekula pilau yenye vipande vya nyama vya kuhesabu, kisha akalitangaza jambo hilo kwa ukoo mzima. Pilau ikanukia hadi kwa jirani.

Mama mkwe alikula, akaomba tena. Mwanaidi nusura apige vigelegele.

"Umepata nundu, mwanangu? Basi na wewe una mtu wako!" Mama mkwe akacheka. "Wangu wa Singida huinama hivi, ananong'ona: 'Mama, bei ni ya mizani, siyo yangu. Hiki changu mimi. Usimwambie mtu.'"

Mwanaidi aliyatambua maneno hayo: ni yale yale ya Masoudi, neno kwa neno. Akamwongezea mgeni wake pilau, na yeye akajipakulia. Nyama ilikuwa tamu kweli. Ila kesho, Masoudi akiinama kunong'ona, atamchungulia sikioni aone naye ananong'onezwa na nani.