Mlango wa Mahojiano

Mtafiti Lubango alifunga mlango kwa ufunguo ili kelele zisiingie kwenye kinasa sauti. Mwanaheri, aliyekuja kusimulia jinsi baba yake wa kambo alivyokuwa akimfungia stoo utotoni, akakatiza simulizi yake na kuutazama mlango.

"Fungua mlango."

"Vumilia kidogo, dada. Sauti itaharibika."

"Fomu yako ya ridhaa niliyotia saini inasema naweza kuacha wakati wowote. Wewe uliisoma?"

"Lakini tumefika pazuri."

"Pazuri kwa nani?"

Mwanaheri akakivuta kinasa sauti hadi mdomoni. "Mtafiti amenifungia. Nimemwambia afungue, amekataa. Na hilo liingie kwenye utafiti."

Ufunguo ulikuwa mezani, karibu na mkono wa Mwanaheri. Hakuugusa. Aliyefunga ndiye angefungua. Alimkazia macho Lubango, na taa nyekundu ya kinasa sauti ikaendelea kuwaka kati yao.