Mawe Yaliyoshiba

Ndoo mbili za mawe ya volkano zilikuwa mbele ya dada mkubwa: moja ya mawe mapya, nyingine ya mawe yaliyokwisha kushiba madini ya risasi, ile sumu ya maji machafu ya kiwanda, yasiyoweza kuchuja tena. Kwa macho hayakutofautiana.

Tangu asubuhi meneja alikuwa na wimbo mmoja: "Mdogo wako ana kichwa, bwana! Leo wageni watalipima chujio alilobuni!"

Wivu ukampanda dada mtu. Akamimina yaliyoshiba kwenye pipa la kuchujia. Wageni wakipima, wajionee.

Mdogo wake akaingia nao, akafungua bomba la pipa, akakinga glasi. Maji ya kiwanda yakatoka yaking'aa.

"Vipimo baadaye, kwanza nayanywa," akacheka. "Mawe kaweka dada yangu, nina wasiwasi gani?"

Glasi ikagusa mdomo.

"Usinywe!"

Wageni wote wakageuka kumtazama dada mtu.