Wanaokufa Kwenye Kriketi

Rungu lilipotua begani kwa mara ya tatu, Mzee Muhidini alianguka chini ya meza ya ofisi ya kijiji, akaanza kuomba kwa sauti ndogo. Hakuomba aachwe. Aliomba asamehewe.

Kakuta, kamanda wa mgambo wa Mazingara, alimwinua kwa ukosi wa kanzu na kumkalisha tena.

"Rudia ulichosema kisimani, mzee."

Muhidini alifuta damu mdomoni, akarudia. Siku tatu zilizopita, watu wakiwa kwenye foleni ya maji, alisimulia habari ya Machi, mwaka sitini na mbili. Mtu alipigwa kichwani, akaanguka, damu ikamtoka puani na masikioni. Mzee alisimulia huku analia, kama msiba wa jana.

Machi hiyohiyo, kaka yake Kakuta alipotea. Aliitwa Tiampati, na alikuwa mlinzi kwenye shamba la mkonge kule Mazinde, ambako Muhidini naye alikuwa kibarua wa kutunza kiwanja cha michezo cha wazungu. Mama yao alikufa akiulizia mwanawe. Kakuta alimwahidi kwamba atamrudisha Tiampati nyumbani, hata kama ni mifupa. Miaka kumi na miwili alitafuta. Kisha serikali ikawahamishia wafugaji na wakulima kwenye kijiji kimoja cha ujamaa, naye akaona Mungu amemletea mtu wa kumuuliza.

"Ni kriketi, mwanangu," alisema Muhidini. "Ni mchezo. Niliusikia kwenye redio ya meneja."

Kakuta hakuwahi kusikia mchezo wa kutoa watu damu masikioni. Akampiga tena, safari hii mbavuni.

Ndani ya sanduku la mzee, mgambo walikuwa wamekuta vitu vitatu: kibao kizito chenye mpini, mpira mwekundu mgumu kama jiwe, na daftari. Kakuta hakujua kusoma, lakini kwa siku mbili alilikodolea macho daftari lile. Alikulia kwenye ng'ombe. Chapa akiiona mara moja, miaka kumi baadaye angeitambua mnadani Handeni katikati ya vumbi. Ukurasa mmoja ulikuwa na mistari kumi na miwili, na mingi iliishia na msalaba mdogo.

"Misalaba hii ni nini?"

"Waliokufa," alisema Muhidini.

Rungu likapanda juu. Halikushuka, kwa sababu mlango ulifunguliwa akaingia Hosiana, mwalimu wa elimu ya watu wazima. Alikuwa binti wa mkata mkonge wa Mazinde, na alitembea akiuburuta mguu wa kushoto uliovunjwa utotoni. Alimwamkia mzee shikamoo kana kwamba hakuona damu. Kisha akaomba daftari.

Alisoma akifuata mistari kwa kidole. Kidole kilikwenda polepole hadi mstari wa mwisho, kikasimama. Akalifunga daftari.

"Ndugu kamanda, dada zako hawakucheza rede?"

"Walicheza."

"Aliyepigwa na mpira waliambiwa amefanya nini?"

"Amekufa," alisema Kakuta.

"Ulimzika?"

Mgambo wawili mlangoni walicheka, wakajizuia. Hosiana alieleza kwamba kriketi ni vivyo hivyo: mpira ukiangusha vijiti vyako vitatu, umekufa, unakwenda kukaa pembeni. Kila upande una watu kumi na mmoja. Hawa wa daftarini walikuwa Wahindi, na aliyepigwa kichwani na mpira ni nahodha wao, huko kisiwani Barbados. Alipona. Nahodha wa wapinzani alikuwa wa kwanza kumtolea damu hospitalini. Hosiana na watoto wenzake walisimuliwa yote hayo na mzee huyu, kandokando ya kiwanja.

"Basi ulimjua kaka yangu," alisema Kakuta.

"Watoto wote tulimjua. Hakutaka tukanyage majani ya kiwanja kile."

Akalitia daftari kwenye kikapu chake mwenyewe, akauburuta mguu wake, akatoka.

Siku hiyo Kakuta alichota maji akamwosha mzee uso kwa mikono yake. Kesho yake alimpelekea mbuzi wa kumtaka radhi. Muhidini alimpokea mbuzi huku machozi yakimtoka, akasema yeye ndiye anayestahili kuomba radhi. Kakuta aliona huo ni unyenyekevu wa mtu wa swala tano.

Aliapa asimpige tena mtu kwa maandishi asiyoyajua. Jumatatu alasiri alikwenda darasani, akakaa benchi moja na Muhidini, ambaye jicho lake lilikuwa bado limevimba. Walisali kwanza, kila mtu kwa dini yake. Kisha Hosiana akamwuliza kila mwanafunzi mpya angependa aandikiwe jina gani la kwanza kujifunza. Wote walitaka majina yao.

"Mimi niandikie la kaka yangu," alisema Kakuta.

Chaki ilisimama hewani. Mwalimu alisema ingefaa aanze na lake. Kakuta alisema la kwake litasubiri, alimwahidi mama. Watu arobaini walikuwa wakitazama. Muhidini aliinamisha kichwa, midomo yake ikicheza kwa dua.

Hosiana aliandika, herufi kubwa moja baada ya nyingine: TIAMPATI.

Kakuta aliitazama ile safu ya alama kama mtu anayemtazama ng'ombe wake kwenye zizi la jirani.

"Hii nimeshaiona, mwalimu," alisema, na mkono wake ukateremka kulitafuta rungu chini ya benchi. "Ni ya kumi na mbili kwenye lile daftari, chini kabisa. Ina msalaba."