Picha ya Mwisho ya Katuni

Tangu kidato cha kwanza, Janeth na yule kijana wa Mgeta waligombania namba moja darasani. Mwalimu akachoka nao, akawapa katuni waitunge pamoja: Janeth maneno, kijana picha. Wahusika wao walianza kama mahasimu, na kila ukurasa uliwasogeza karibu zaidi. Wenyewe pia.

Sasa ilibaki picha moja. Walikuwa barazani kwa bibi mzaa mama wa Janeth, huko Matombo, bibi akimenya njegere. Kijana alikuwa anachora vidole vya wahusika, karibu vishikane.

"Mama yako ni wa ukoo gani, baba?" bibi akamwuliza.

Kijana akautaja bila kuinua macho.

Mikono ya bibi ikatulia kwenye ungo. Janeth hakuhitaji kuelezwa. Ukoo huo ulikuwa wa mama yake, na wake.

"Basi umefika nyumbani," bibi akasema taratibu. "Sisi tunafuata ukoo wa mama. Huyu ni dada yako."

Penseli ikasimama.

Janeth akachukua kifutio, akakifumbata mpaka kikapata joto, kisha akamwekea kijana kiganjani.

"Futa wewe," akasema. "Picha ni kazi yako, kaka."