Kondoo Mwitu Aliyeificha Njia

Kaskazini ya mbali, katika milima ambayo theluji huifunika miezi minane, kondoo mwitu mzee ndiye peke yake aliyejua njia ya kuvukia kwenda malishoni. Kila mwaka binti yake alimwomba, "Mama, nifundishe na mimi."

"Nikikufundisha, nani atanifuata tena?"

Mwaka mmoja mng'ao wa theluji ulimpofusha yule mzee wakiwa katikati ya safari. Kundi likasimama nyuma yake, na dhoruba ilikuwa inakuja.

"Tuelekeze kwa mdomo, mama," binti alisema. "Sisi tutakuwa macho yako."

Mzee akafungua kinywa. Kila jiwe la njia ile alilijua kwa macho. Hakuwahi kulitafutia maneno. Akasikia wanakondoo wakilia kwa baridi, kisha wakinyamaza mmoja mmoja.